Fundi Aliyesoma Maonyo

Fundi alikuwa na desturi ya kuvua viatu kabla ya kugusa programu. Si kila siku. Siku za kutafuta jina la mgonjwa au kuchapa orodha ya chanjo alikaa na viatu vyake kama mtu mwingine. Lakini siku ya kubadilisha kitu ndani ya msimbo wenyewe, yale maandishi yanayoiamuru kompyuta ifanye nini, alivisukuma viatu chini ya meza, akakanyaga saruji kwa miguu mitupu, akashusha pumzi. Muuguzi mmoja alimwuliza kama ni mambo ya dini.

"Hapana, mama," Fundi alimjibu. "Ni baridi. Nikisikia baridi, naenda polepole."

Nilifanya naye kazi zaidi ya miaka kumi. Sote tulimwita Fundi, na mgeni aliyeambiwa "kamwulize Fundi" alimpita mara mbili akitafuta mwanamume mwenye bisibisi. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, Mkongomani wa Bukavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu kabla vita havijamleta Kampala. Mimi nilikuwa msimamizi wa kliniki yetu ndogo ya Namuwongo, kule chini karibu na reli. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa stoo jeshini. Kiswahili changu nilikiokota kambini, nikaja kukinyoosha kwa kusoma na kwa kuchekwa na Wakenya. Elimu yangu ni kidato cha nne. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanitafutia kisingizio cha kutoelewa. Fundi alinieleza kila kitu, kwa lugha ninayoijua, tena zaidi ya mara moja. Kisha mimi nikaandika barua iliyosema kwamba kosa langu ni lake, na barua hiyo ikamharibia jina katika mji ambao hakuwa na shamba, hakuwa na ukoo, hakuwa na kingine cha kumwombea kazi isipokuwa hilo jina.

Programu ya kliniki aliiandika yeye. Kabla yake tulikuwa na kabati tatu za mafaili na panya waliokuwa wakiyasoma kuliko sisi. Alikuja kama mgonjwa, na malaria yake, akaona karani anatafuta faili lake kwa saa nzima, akarudi wiki iliyofuata amepona na kompyuta ya mkononi ya mtu mwingine. Aliomba meza. Tulimpa ile ya kona, iliyokuwa na mguu mmoja wa tofali.

Hakuwa mpole. Watu wakisikia "mama wa Kikongo anayeimba kwaya" hufikiria tabasamu. Kwaya aliimba, ndiyo, sauti ya pili kila mara, na alisema anayeimba ya kwanza ni mtu anayetaka kuolewa. Lakini kazini alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Ukimwambia "kompyuta imeharibika," alikuuliza umeifanya nini. Ukisema hukuifanya kitu, alikwambia, "Basi haijaharibika. Imechoka na wewe." Karani wetu wa mapokezi, mama wa Kiganda mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara, alimwogopa yeye kuliko mkaguzi wa wizara.

Alikuwa na maneno yake. "Kompyuta haina haya," alisema, maana yake itakuonyesha ubaya wako bila kupunguza. "Kitu kinachotembea leo hakijakuahidi kesho." Na lile alilolirudia mpaka tukawa tunamwigiza akitoka chumbani: "Onyo si tusi."

Hilo la mwisho lina historia, na historia hiyo ndiyo iliyotuvunja.

Programu haijengwi yote na mtu mmoja. Mjenzi huchukua kazi zilizokwisha kufanywa na mafundi wengine duniani, akaziunganisha na yake. Fungu la kazi kama hizo huitwa maktaba. Yetu ilitegemea maktaba moja ya kuzungumza na kanzidata, yaani ghala ambamo majina ya wagonjwa, chanjo na dawa zao huwekwa. Sasa wenye maktaba walikuwa wametoa toleo jipya. Toleo la zamani walilizika polepole, kwa heshima, na kila asubuhi programu ilipowashwa, maktaba ile ya zamani iliandika mistari ya manjano kwenye kioo: njia hii unayotumia itaondolewa, njia hii nayo itaondolewa, jitayarishe.

Sisi tuliiona mistari ile kama tunavyoona matangazo ya kukatika maji. Fundi aliisoma. Aliisoma kwa sauti, kikombe cha chai isiyo na sukari mkononi, mstari kwa mstari, kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo ya ndoa ili mwenye pingamizi aseme. Kila onyo aliliandika katika daftari, akaliwekea namba ya faili linalohusika.

Siku moja nilimwuliza maktaba mpya ina shida gani hasa. Akanitazama juu ya miwani.

"Papa, si ulikuwa stoo, kule jeshi?"

"Nilikuwa."

"Askari akirudisha bunduki, unaandika kwenye kitabu?"

"Naandika."

"Halafu?"

"Ofisa anatia sahihi."

"Na kama hajatia?"

"Bunduki haijapokelewa. Hata kama naiona kwa macho yangu."

"Basi umeelewa kuliko wengi. Maktaba ya zamani ilikuwa inatia sahihi yenyewe. Unaandika jina la mtoto, yenyewe inatia. Hii mpya imekataa. Inasema: mimi nitaandika, lakini sahihi mutie wenyewe. Mukisahau, siku ikifungwa, nafuta."

"Inafuta bila kusema?"

"Bila kusema. Mchana utaona jina kwenye kioo. Utafurahi. Ukizima jioni, limekwenda."

Niliona ni jambo la busara kwa maktaba na la usumbufu kwa binadamu. Nikamwuliza programu yetu inaandika mara ngapi bila sahihi. Akafungua daftari, akahesabu kwa kidole, akafika ukurasa wa nne akaacha kuhesabu.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila wiki alibadilisha faili moja tu, akalijaribu, akaliacha likae. Kwa muda wote huo makarani waliandika kila mgonjwa mara mbili: kwenye kompyuta, na kwenye kaunta buku, yale madaftari makubwa yenye jalada jeusi gumu. Ijumaa mchana alikaa na karani wa mapokezi, wakalinganisha. Fundi alisoma jina kutoka kitabuni, karani akalitafuta kwenye kioo na kujibu "Liko." Jina, liko. Jina, liko. Ilikuwa kama litania, na wagonjwa waliokuwa benchini walianza kuitikia pamoja nao.

"Mzee, hiki kitabu kinatuua, banange," karani alinilalamikia. "Kompyuta mulinunua ya nini kama mkono wangu bado unavimba?"

"Ni kwa muda tu, nnyabo."

"Muda wa nani? Wa Bwana Yesu kurudi?"

Nilicheka naye. Nilicheka na kila mtu miaka ile. Ndiyo sababu watu walisema mimi ni msimamizi mzuri.

Sitaki kumfanya Fundi malaika, maana yeye mwenyewe asingenisamehe. Alikuwa na kiburi. Hakumfundisha mtu kazi yake. Nilipomwambia ateue msaidizi, alimpa mtihani wa hesabu kila aliyekuja, na mtihani ule hata mimi nauota. Tena, ndani ya msimbo, pale mafundi wanapojiandikia maelezo ya kukumbuka, yeye aliandika Kifaransa. Kifaransa kitupu, kirefu, chenye mafumbo ya darasani. Nilimwuliza nani atakisoma hapa Kampala. "Mimi," alisema. "Na Mungu, lakini Yeye hajaniuliza swali bado."

Na mwanamke yule yule aliyetunza nakala tatu za kanzidata, moja kliniki, moja kanisani, moja kwenye bati la unga nyumbani kwake, alikuwa na ufunguo mmoja tu wa nyumba. Aliupoteza kila mwezi. Mara mbili nilimkuta amekaa nje ya mlango wake anamsubiri fundi kufuli, amepakata kompyuta, anafanya kazi kama yuko ofisini. Alivuka reli huku anasoma simu. Alikula samaki wa barabarani ambao hata paka wa Namuwongo walikuwa wakiwajadili. Nilipomwambia kwamba mtu anayesoma kila onyo la kompyuta angeweza kusoma na kibao cha reli, alijibu kwamba treni ina honi, lakini kanzidata haina.

Sasa nije kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa mtu mwema aliyependa vitu vizinduliwe. Alizindua tangi la maji. Alizindua choo. Alizindua ukarabati wa choo. Siku alipopita mapokezi akaiona ile mistari ya manjano, aliniita kando.

"Afande, kwa nini kompyuta yetu inarumbana na watu?" Mwenyekiti alizaliwa na Luganda mdomoni na hakuona sababu ya kuitoa.

"Ni maonyo, Mwenyekiti. Fundi anayafuatilia."

"Wafadhiri wakiyaona?"

Nilikwenda kumwambia Fundi ayafiche. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ni langu, halina mbia. Alibishana kidogo, kisha akafanya. Mistari ikatoweka mapokezi, ikawa inajiandika kimya kimya katika faili lililosomwa na yeye peke yake. "Nimeiziba mdomo, Papa," alisema. "Ugonjwa bado uko."

Muda mfupi baadaye Mwenyekiti alikuja na habari njema. Amempata mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja, wa kuzindua mfumo mpya. Nikamwambia mfumo mpya haupo; upo wa zamani unaohamishwa faili moja kwa wiki. Fundi anaomba miezi mitatu.

"Mheshimiwa ana nafasi Arhamisi," Mwenyekiti alisema.

"Alhamisi gani?"

"Arhamisi, Afande. Jeshini muripoambiwa vita vinaanza arfajiri, muriomba miezi mitatu?"

Kamati nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, na katika kicheko kile nikakubali.

Fundi alikataa. Alisema hatagusa mafaili yote kwa wiki moja, na kwamba kama tunataka kukata utepe, tuna choo. Basi tukaita kampuni. Akaja bwana mmoja Mkenya, suruali imeishia juu ya kifundo, anatembea kama sakafu inamngoja. Akaiangalia programu kwa muda wa chai moja.

"Mzee wangu, hii ni kazi ya siku mbili."

"Fundi wetu anasema miezi mitatu."

"Hawa wa zamani wako hivyo. Siku mbili. Ya tatu ni ya kupiga picha."

Aliifanya kwa siku mbili kweli. Alikutana na yale maelezo ya Kifaransa, akayatazama, akayafuta yote, faili kwa faili, kwa maelezo kwamba ni takataka zinazopunguza kasi. Baadaye nilikuja kujua kwamba katika kila mahali palipohitaji sahihi, Fundi alikuwa ameandika kwa Kifaransa chake: hapa, toleo jipya likija, usisahau kutia. Lakini bwana yule hakusoma Kifaransa, na Fundi alikuwa amekaa hatua sita kutoka kwake, hakuulizwa, naye hakusema. Alikuwa amevaa viatu. Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alikuwa akisubiri aombwe.

Jumatano, wakati mahema yanasimamishwa, Mwenyekiti alikagua mapokezi. Bango lilikuwa limefika: KLINIKI ISIYO NA KARATASI. Ratiba ya siku ilikuwa imechapwa nakala mia mbili. Na chini ya bango, mezani, kulikuwa na kaunta buku tatu nyeusi.

"Hizi zitatuaibisha," alisema.

Mwenyekiti hakuziondoa. Alisema tu. Aliyezikusanya, akazibeba kifuani mpaka stoo ya nyuma na kufunga kwa kufuli, nilikuwa mimi. Karani wa mapokezi alipiga vigelegele. Fundi alinifuata mpaka mlangoni pa stoo.

"Papa, kitabu ufunge baada ya wiki nne. Siyo kabla."

"Ni sherehe ya siku moja tu, Fundi."

"Basi kesho kutwa utazirudisha?"

"Nitazirudisha."

Sikuzirudisha. Makarani walikuwa na furaha, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kuiondoa.

Alhamisi mheshimiwa alikuja kwa kuchelewa kunakolingana na cheo chake. Utepe mwekundu ulikuwa umefungwa kuizunguka seva yetu, kompyuta mama inayotunza kanzidata, kiboksi cha ukubwa wa sufuria ya familia, kilichowekwa juu ya kitambaa cheupe kama keki. Akaukata. Kisha, kwa kuombwa na Mwenyekiti, akaketi na kuandika jina lake mwenyewe kama mgonjwa wa kwanza wa mfumo mpya. Jina lilitokea kwenye kioo. Watu walipiga makofi. Wimbo ukaimbwa. Fundi alikaa nyuma, kwenye kiti cha plastiki ambacho hakikupata kitambaa.

Kesho yake asubuhi karani aliwasha kompyuta ili awaonyeshe wenzake jina la mheshimiwa. Halikuwepo. Akaniita. Nikaangalia. Fundi naye akaja, akasimama nyuma yangu, nikamsikia anapumua.

"Papa, jina la mheshimiwa liko wapi?"

Hapa ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Nilijua ile habari ya sahihi. Nilielezwa kwa mfano wa stoo, na stoo nilikaa miaka kumi na tisa. Lakini nyuma yangu kulikuwa na wauguzi wawili, mezani mabaki ya keki, na picha za jana zilikuwa bado zinatumwa kwenye simu. Nikanyoosha mgongo wa kijeshi.

"Jina la mtu kama yule haliachwi ovyo," nikasema. "Limeondolewa kwa sababu za usalama."

"Na nani?"

"Hayo si ya kuulizana, Fundi."

Wauguzi waliitikia kwa vichwa. Iliwapendeza kwamba kliniki yetu ina majina ya kuondolewa kwa siri. Fundi alirudi mezani kwake. Aliandika barua siku ile ile, ukurasa mmoja, akiomba majina yote ya jana yakaguliwe. Niliiweka kwenye trei ya "zinazosubiri." Trei ile ilikuwa na subira sana.

Siku zilizofuata wagonjwa walianza kugombana na kompyuta.

"Wewe hukuja juzi," karani alimwambia mwanamume mmoja.

"Nilikuja! Nilikaa hapa, wewe ulikuwa unakula muhogo."

"Kompyuta inasema hukuja, ssebo. Kompyuta haidanganyi."

"Na muhogo je, nao nimeuota?"

Tuliwafundisha watu kwamba hawakuwa wameonwa, hawakuwa wamepimwa, hawakuwa wameumwa. Wengine waliamini. Mzee mmoja aliomba radhi.

Siku ya tisa aliletwa mama mmoja, muuza mkaa wa pale karibu na reli, homa imemzidi, hawezi kusema. Wiki iliyotangulia alikuwa amekuja kwa miguu yake na kumwambia muuguzi kwamba kuna sindano moja inamvimbisha. Muuguzi akaandika vizuri kabisa, kwenye kompyuta. Sasa muuguzi mwingine akalitafuta jina. Halikuwepo. Akamchoma sindano ile ile. Uso wa yule mama ulivimba mpaka macho yakapotea, pumzi ikawa ya filimbi. Tulimkimbiza hospitali kuu ya Mulago, nikiwa nimemshika mkono ndani ya gari, na huko waliokoa maisha yake. Alipona. Naandika neno hilo taratibu kwa sababu najua lingeweza kuwa jingine, na ningekuwa na barua nyingine ya kuandika.

Siku hiyo hiyo Fundi alivua viatu, akafungua msimbo, akaonyesha kamati mahali palipokosa sahihi. Alichukua dakika chache tu. Kamati ilishukuru. Kisha ikamwomba atoke nje, ikaanza kutafuta mkosaji.

Bwana wa kampuni alikuwa ameshasaini hati ya makabidhiano na kurudi Nairobi. Mwenyekiti alikuwa kwenye picha na mheshimiwa. Nilibaki mimi, niliyefunga vitabu, niliyeficha maonyo, niliyeweka barua kwenye trei. Na alibaki Fundi, ambaye programu ilikuwa na jina lake juu kabisa.

"Afande, wewe unajua kuandika," Mwenyekiti alisema.

Niliandika. Naikumbuka kwa moyo: "Uchunguzi umebaini kuwa dosari ilitokana na msimbo wa awali wa fundi, ambao maelezo yake yaliandikwa kwa lugha isiyo rasmi, na hivyo kuwazuia wataalamu kutekeleza wajibu wao." Kila neno limefuliwa na kupigwa pasi. Ilisomwa kwenye kamati. Ikasomwa kwa wafanyakazi. Ikabandikwa ubaoni, pale wagonjwa wanaposubiri. Nakala ikapelekwa kwa wazee wa kanisa lake, maana ndio waliomdhamini. Na mashirika mawili yaliyotaka kumwajiri yaliponipigia simu kuuliza, niliwasomea.

Aliisoma ubaoni, amesimama kati ya wagonjwa, na mkoba wake begani. Nilikuwa nimetayarisha majibu ya kelele. Hakupiga kelele.

"Kiswahili chake ni kizuri, Papa," aliniambia. "Sijaona kosa. Ni habari tu ndiyo ya uongo."

Akaondoka. Programu ilirekebishwa kwa njia zile zile alizozionyesha, na tukaizindua tena.

Nilistaafu. Ninakaa Makindye sasa, kwa binti yangu, na magoti yangu yanatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mtu akistaafu hupata muda mwingi wa kukaa na yeye mwenyewe, na mimi niligundua kwamba si mtu ninayependa kukaa naye. Mwaka huu nilichukua karatasi nikaandika kwa mkono, kurasa nne, kila nilichokifanya, kuanzia ile mistari ya manjano. Mwandiko wangu siku hizi unatetemeka, basi nikaenda kutafuta mahali pa kuchapisha. Karibu na soko kuna vibanda vya kuchapa barua na kutoa kopi. Nikaingia cha kwanza chenye kiti.

Nyuma ya mashine alikuwa yeye. Nywele zimekuwa nyeupe mbele, miwani mipya, haina uzi. Ukutani kulikuwa na bei za kopi na kalenda ya kwaya.

"Papa," alisema. "Keti. Magoti?"

"Magoti."

"Unataka kuchapa?"

Ningeweza kusema nimekosea kibanda. Nilifikiria kusema hivyo, nakiri. Lakini kurasa zilikuwa mkononi, naye alikuwa amekwisha kunyoosha wake. Nikampa.

Alisoma ukurasa wa kwanza bila kuinua uso. Kisha akaweka karatasi kwenye kishikio na kuanza kuchapa. Wateja wawili walikuja. Aliwaambia warudi baadaye. Nilisikiliza vidole vyake vikiandika ubaya wangu kwa kasi ile ile ambayo vingeandika ombi la kazi au tangazo la msiba. Mara moja tu alisimama.

"Hapa umeandika nilikuwa mnyonge niliyeonewa."

"Ndiyo."

"Ondoa. Mimi nilikaa hatua sita kutoka kwa yule kijana. Nilimwona anafuta maneno yangu, nikanyamaza, juu ya kiburi. Nilisubiri aniombe. Mama wa watu akavimba. Hiyo andika. Ni yangu."

"Ile ni ndogo, Fundi."

"Sikuuliza ukubwa wake."

Akaichapa mwenyewe, sentensi mbili, bila mimi kumsomea. Nilimwuliza kazi inakwendaje. Alisema anawaandikia wafanyabiashara wa vitenge programu ndogo za kuhesabu marobota, na wao hawaulizi barua ya mtu, wanauliza kama robota limeonekana. Mashirika aliacha kuyaendea. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza njia iliyofungwa.

Alipomaliza aligeuza kioo nisome. Ilikuwa safi. Majina hayakuwemo, lake wala la mtu mwingine. Aliomba hivyo, kwa kuwa lake, alisema, limeshasomwa mbele za watu vya kutosha. Mimi nilibaki kama "msimamizi wa kliniki," na aliyenijua atanijua.

"Nitoe nakala ngapi?" aliuliza.

"Moja tu. Ni yako. Nilikuwa nakutafuta ili nikupe."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Ya kwangu ya nini, Papa? Mimi nilikuwepo. Katika Kampala nzima, mimi ndiye mtu mmoja asiyehitaji kuambiwa." Akaivaa tena. "Ile barua ya kwanza, ulisomea watu wangapi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nikaanza kwa vidole: kamati, watu saba, wawili wamekufa, lakini wake zao wako. Wauguzi. Makarani. Wazee wa kanisa. Sauti mbili za simu. Nikafika kwenye ubao, kwenye benchi lile refu na wote waliokaa chini yake wakisubiri kuitwa, asubuhi baada ya asubuhi, nikakosa vidole.

Fundi hakunisubiri nimalize. Alifungua pakiti mpya ya karatasi, akazipepeta ziachane, akaijaza mashine mpaka ikakataa kupokea zaidi, kisha akabonyeza kitufe cha kutoa nakala.